UZI: Mombasa hadi Lamu kwa tanga mwezi wa Desemba. Tupangeje upepo, maji na mahali pa kutia nanga?

#1 Msafiri_Donholm
Wadau, salaam. Tuko wanne, wote twafanya kazi hapa Nairobi, na tumekubaliana likizo ya Desemba tusafiri kwa tanga kutoka Mombasa hadi Lamu. Boti ni ya faibaglasi, futi 30, chini yake inaingia majini mita 1.5, ina injini ndogo ya dizeli. Iko Mtwapa. Mpango: kushuka na treni ya Madaraka tarehe 20, usiku wa kwanza Kilifi, wa pili Malindi, wa tatu Ngomeni, kisha Lamu, Krismasi itukute huko. Kwenye ramani ni kama maili 130 za bahari, na kila kipande chaingia ndani ya mchana mmoja isipokuwa cha mwisho. Mimi nashikilia kwamba safari ni nyepesi, maana bahari ya Desemba ni tulivu kuliko ya Julai. Mwenzangu mmoja anapinga kabisa. Mwasemaje?

#2 BintiShela
Salama. Mimi ni wa Shela, naishi South C. Mwenzako ana haki. Desemba kaskazi imeshaingia, inavuma kutoka kaskazini mashariki, na pwani yetu kutoka Mombasa kwenda Lamu inaelekea hukohuko. Upepo utakuwa wa omo, yaani wa kutoka mbele ya boti, tangu mnatoka Mtwapa hadi mnaona machanga ya Shela. Watu wa kwetu huenda Lamu na kusi, upepo wa kutoka kusini, hurudi na kaskazi. Ukitaka Desemba, igeuze safari: boti itangulie Lamu mapema, nyinyi mpande basi hadi Mokowe, mvuke, kisha mshuke nayo kusini.

#3 Kamau_Kasia
Dada Shela, hayo ni ya majahazi. Boti ya kisasa yenye mkuku mrefu, ule uti wa chini ya boti, inakwenda joshi vizuri, yaani inaukaribia upepo, digrii 45. Watabisha, yaani wataenda mshazari huku na huku, watafika. Na injini si wanayo?

#4 Mwalimu_Buruburu
@Kamau_Kasia tupige hesabu basi. Ukibisha kwa digrii 45, kila maili 10 za kwenda mbele unasafiri 14. Ngomeni hadi Lamu ni maili 57 hivi, kwa hiyo zinakuwa 80. Kwa mwendo wa maili nne kwa saa, saa ishirini, na hapo sijatia mawimbi yanayoipiga boti omoni na kuirudisha. Ghuba ya Ungwana haina pa kujificha njiani. Kipini kuna mdomo wa mto wenye kina kidogo na mawimbi yanayovunjika, boti inayozama mita 1.5 isipajaribu. Kwa injini ndogo dhidi ya kaskazi ya mchana utakunywa dizeli yote na bado uione Ngomeni nyuma yako.

Ila @Msafiri_Donholm hajakosea kuhusu Julai. Kusi ya Juni hadi Agosti ni kali na bahari huwa kubwa. Kosa ni kudhani Desemba ikilinganishwa na Julai basi ni tulivu kwa kila mtu. Ni tulivu kwa anayekwenda nayo.

#5 Msafiri_Donholm
Shukran. Lakini nimesoma kwamba mkondo wa bahari pwani ya Kenya unakwenda kaskazini mwaka mzima. Si utatusukuma?

#6 NahodhaKombo
Wanangu, hamjambo. Nimeacha bahari, niko Eastleigh kwa binti yangu, lakini hili siwezi kulipita.

Mkondo upo, kweli. Wakati wa kusi una nguvu, waweza kupata maili tatu hata nne kwa saa bila kutweka tanga. Kaskazi ikiingia unalegea, lakini kutoka Mombasa hadi Malindi bado unapanda juu. Sasa fikiri: maji yanakwenda kaskazini, upepo unakuja kutoka kaskazini. Mawimbi yanasimama. Yanakuwa mafupi, ya karibukaribu, boti haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Mkondo utakupa maili moja na bahari itakunyang'anya mbili.

La pili ni hizo bandari zako. Umezipanga kwa umbali, hukuzipanga kwa upepo. Kilifi ni salama mwaka mzima, ukishaingia ndani ya hori hujali kusi wala kaskazi. Mtwapa vilevile, ila mlango wake ni mwembamba kati ya miamba. Malindi imekingwa upande wa kusini na miamba na ile ncha yenye mnara wa Vasco da Gama, lakini kwa kaskazi iko wazi. Utalala ukibembezwa usiku kucha, na upepo ukizidi huna pa kukimbilia gizani. Ngomeni nayo ni hivyohivyo: ile ras ni kama mkono uliokunjwa, inamkinga aliyejificha nyuma yake na kusi. Kaskazi inaingia moja kwa moja. Kwa hiyo kati ya mapumziko yako matatu, mawili yana faida katika msimu ambao wewe hutasafiri.

Usisafirie nyota ya mwenzio. Aliyekupa orodha hiyo ya vituo alikwenda Agosti au Septemba.

#7 Msafiri_Donholm
Mzee Kombo, shikamoo. Kweli orodha niliipata kwa mtu aliyekwenda mwezi wa tisa.

#8 Kamau_Kasia
Haya, Malindi na Ngomeni nimewaachia. Lakini kaskazi haivumi sawa kutwa nzima. Alfajiri hutulia, pepo za umande hutoka bara. Ukitoka saa tisa usiku ukatembea karibu na pwani hadi saa nne asubuhi, unakula maili 25 kabla upepo haujaamka. Nimefanya hivyo Kilifi hadi Watamu na tulifika bila kulowa.

#9 NahodhaKombo
Hilo ni kweli na ndivyo wavuvi wanavyofanya. Mwanzo wa Desemba umande unasaidia sana. Januari na Februari kaskazi ikikomaa, kuna siku haulali hata usiku.

#10 Mama_Zuhura
Mimi nataka kuongeza habari ya maji, maana naona watu wanapanga upepo na kusahau kwamba kina kinabadilika. Mume wangu ni mtu wa Kilifi na nimejifunzia hapo.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa yapita mita tatu. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni kama mita moja tu. Jambo ambalo watu wa Nairobi hawaambiwi: siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume, hujaa karibu saa nne. Ni hivyo mwaka nenda mwaka rudi. Ukijua mwezi uko wapi, unajua maji yako wapi kabla hujafungua jedwali. Jedwali la bandari bado lichukue, linakupa dakika na mita.

Halafu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza polepole, saa ya tatu na ya nne ndiyo kasi, kila moja inabeba robo ya maji yote, kisha yanalegea tena. Kwa bamvua ya mita tatu, saa ya tatu peke yake ni sentimita 75. Ndiyo maana mtu anaangalia fungu la mchanga, anasema bado kuna muda, akigeuka amepwelewa.

#11 Otieno_wa_Ngong
Mama Zuhura, swali. Mlango wa mwamba niuingie maji yakiwa yamejaa nipate kina, au yakiwa yamepwa niione miamba?

#12 Mama_Zuhura
Yakiwa yanajaa, katikati. Miamba bado inajionyesha kwa povu na rangi, na ukigusa mchanga maji yanakunyanyua baada ya muda mfupi. Ukigusa yakiwa yanapwa, ndipo utakapokaa hadi maji yajayo.

#13 Fundi_Tanga
Sikubaliani kabisa na #12 kwa mlango usioujua. Mimi ningengoja maji yapwe kabisa siku ya bamvua, nipande kilima au nikodi ngalawa, nichore miamba yote kwa macho yangu. Kisha niingie kesho yake maji yakijaa.

#14 Mama_Zuhura
Fundi, ukiwa nje baharini na watu wamechoka hutapata hicho kilima.

#15 NahodhaKombo
Nyote mmesahau jua. Milango mingi kutoka Mtwapa hadi Malindi unaiingia ukielekea magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yako, maji yanafunguka kama kioo: hudhurungi ni mwamba, kijani cheupe ni mchanga, buluu nzito ni kina. Alasiri jua liko usoni, bahari yote inang'aa fedha, huoni kitu. Kina cha kutosha saa kumi jioni na macho yamepofuka, hiyo si nafuu. Mtu asimame omoni na miwani ya jua na aonyeshe kwa mkono, asipige kelele.

#16 BintiShela
Maneno ya dhahabu hayo, ami. Na Lamu mlango unauingia ukitoka kusini kwenda kaskazini, kati ya Shela na Manda, kwa hiyo jua la saa sita au saa saba halisumbui sana. Linalosumbua ni mkondo. Bamvua maji yanakimbia kwenye mlango ule, usibishane nayo kwa injini ndogo. Ingia nayo, toka nayo.

#17 Otieno_wa_Ngong
Je, Mkanda, nyuma ya Manda? Kuna mtu aliniambia ni njia ya mkato.

#18 BintiShela
Ni njia ya mikokoni, ni ya maji kujaa tu. Mashua za kwetu hupita. Mkuku wa mita 1.5 na mgeni usukani, hapana.

#19 Pwani_Damu
Nitoke kidogo kwenye #6. Mzee anasema bahari ya Malindi na Ngomeni inasimama kwa sababu ya mkondo dhidi ya upepo. Mimi ni mvuvi wa Mambrui kwa asili, na baba yangu alituambia ni Sabaki. Mto unaleta tope la kutoka bara huku kwenu, Mto Athi wenyewe unaoanzia pande za Nairobi, unajaza chini, kina kinapungua, wimbi likifika linainuka. Mvua zikinyesha huku juu, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Msilaumu mkondo.

#20 Mwalimu_Buruburu
Zote mbili zaweza kuwa kweli, lakini kuna ya tatu. Wakati wa kaskazi ule mkondo wa Somalia hugeuka, unashuka kusini, na unakutana na wetu unaopanda. Inapokutana, yote miwili inageukia nje kuelekea mashariki. Mahali pa kukutania hapakai pamoja siku zote, huwa kaskazini ya Malindi, pengine karibu na Lamu. Mistari ya povu na takataka inayoonekana huko nje, maji yakitokota bila upepo, mimi naamini ni hiyo.

#21 Pwani_Damu
Mwalimu, hiyo mistari iko mbali nje. Mimi nasema mawimbi yanayovunja mbele ya Mambrui, unaona ufuo kwa macho.

#22 Kamau_Kasia
Na upepo wa mchana unaotoka baharini? Saa nane jua likiwaka, unajiunga na kaskazi, zinakuwa pepo mbili upande mmoja. Asubuhi mahali palepale ni shwari, na Sabaki haijahama wala mkondo haujahama.

#23 NahodhaKombo
Nimepita pale miaka mingi. Kuna siku za upepo mchache na bahari imesimama, na kuna siku za upepo mwingi bahari imelala. Kila mmoja wenu nikimpeleka siku yake ataapa ameona sawa. Mimi bado nauona mkondo kwanza.

#24 Otieno_wa_Ngong
Hapo Ngomeni si ndipo Waitaliano walirushia setilaiti? Majukwaa bado yapo?

#25 Mwalimu_Buruburu
Yapo, San Marco na Santa Rita. Walirusha kuanzia 1967 hadi 1988. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu, ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa msafiri wa usiku: ni vyuma vikubwa vilivyosimama majini, vipitie mbali, usitegemee kuona taa.

#26 Fundi_Tanga
Tukiwa kwenye historia, Vasco da Gama mwenyewe alipewa rubani Malindi, Ibn Majid, akafika India kwa sababu alisubiri kusi.

#27 Mwalimu_Buruburu
Rubani alipewa, lakini si Ibn Majid. Wanahistoria wengi wameshaikataa habari hiyo. Tarehe ndizo zenye somo. Aliondoka Malindi 24 Aprili 1498, kusi inaanza, akafika karibu na Calicut 20 Mei. Hata mwezi haukutimia. Kurudi hakungoja kaskazi: aliondoka India mwanzo wa Oktoba, akakaa baharini karibu miezi mitatu, watu wakafa kwa kiseyeye, na Malindi akafika Januari 1499. Mabaharia hawakutosha tena, wakaichoma meli moja. Bahari ileile, aliyebadilisha ni mwezi wa kuondoka.

#28 BintiShela
@Msafiri_Donholm isome #27 na wenzako kwa sauti.

#29 Msafiri_Donholm
Tumeisoma. Mmoja wetu amenyamaza tangu jana. Swali: kama boti inatangulia Lamu, ipelekwe lini?

#30 NahodhaKombo
Mwezi wa tisa hadi mwanzo wa kumi. Kusi imeshapoa, haijafa, mkondo bado uko nawe. Na hapo Ngomeni na Malindi zinakukinga. Ukingoja Novemba unaangukia tanga mbili: leo kusi, kesho kaskazi, kesho kutwa hakuna chochote, na vuli inanyesha.

Wazee walihesabu kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili unaofuata jua, kwa kuwa miezi ya mwandamo haifuati majira. Rajabu ya mwaka huu yaweza kuwa kwenye kaskazi, na miaka kadhaa baadaye iko kwenye kusi. Mwandamo ni wa maji, miongo ni ya pepo. Nahodha alibeba hesabu zote mbili kichwani.

#31 Otieno_wa_Ngong
Wasiojua kutweka wafanyie mazoezi wapi huku? Naivasha inatosha?

#32 Kamau_Kasia
Naivasha ni nzuri kwa kubisha na kupunguza tanga, upepo wa alasiri unashuka kwa nguvu. Lakini hakuna maji kujaa, hakuna mkondo, na kuna viboko. Nanga ndiyo hutajifunza huko.

#33 Mama_Zuhura
Nanga ndiyo nilitaka tufikie. Kuna boti ya rafiki zetu ilikokota nanga Malindi usiku wa kaskazi, ikaamkia karibu na miamba. Walitia nanga maji yakiwa yamepwa, kina mita 4, wakatoa mnyororo mita 16, wakalala. Maji yakapanda mita tatu. Ongeza mita moja ya kimo cha omo juu ya maji: kutoka omo hadi chini ni mita 8, na mnyororo ni ule ule mita 16. Mara mbili tu. Nanga ikasimama wima, ikang'oka. Piga hesabu kwa maji ya juu, toa mara nne au tano, pale ilikuwa 32 hadi 40.

#34 Fundi_Tanga
Mimi nilikuwa Malindi wiki hiyo na nilisikia ni upepo wa bara uliogeuza boti alfajiri, mnyororo ukajizungusha kwenye jiwe.

#35 Pwani_Damu
Chini pale kuna sehemu ni tope laini la Sabaki. Hata ungetoa mita 60, nanga nyepesi inalima tu.

#36 Mama_Zuhura
Wenyewe wanasema mnyororo, wapiga mbizi walisema tope. Fundi, jiwe sijalisikia. Vyovyote vile, kabla ya kulala shika mnyororo kwa kiganja pale unapotoka omoni. Nanga iliyoshika, mnyororo unakaza na kulegea taratibu. Inayokokota, unasikia mtetemo mdogomdogo, kama jiwe linaburutwa sakafuni. Na Watamu na Malindi kuna hifadhi za baharini tangu 1968, nanga haitupwi juu ya matumbawe. Ulizeni maboya ya kufungia.

#37 Msafiri_Donholm
Wadau, ahsanteni sana. Mpango mpya: wawili wetu na nahodha wa Kilifi wanapeleka boti Lamu mwezi wa tisa. Desemba tunapanda basi. Kutoka Lamu tunakwenda Kilifi moja kwa moja bila kusimama Malindi wala Ngomeni, maili 103 hivi. Upepo nyuma, mkondo kidogo dhidi yetu tukishapita Malindi, nahesabu maili nne na nusu kwa saa, yaani saa 23. Tunatoka saa nne asubuhi, tunafika mlango wa Kilifi saa tatu kesho yake, jua nyuma yetu. Tuchague siku gani?

#38 Mama_Zuhura
Maji mafu, mwezi nusu. Saa nne maji yamejaa Lamu, yanaanza kupwa, yanakutoa nje yenyewe. Kesho yake yanajaa karibu saa tano, kwa hiyo saa tatu unapofika Kilifi bado yanapanda. Imekaa sawa kabisa. Tarehe 8 hadi 10 ya mwezi mwandamo.

#39 BintiShela
Maji mafu naam, lakini si tarehe 8. Mwezi huo unazama usiku wa manane, nusu ya pili ya safari ni giza, na ndiyo mnapita mbele ya Malindi na Watamu ambako ngalawa hazina taa na nyavu ziko majini. Chukua 22 hadi 24. Giza linakukuta Ungwana mkiwa mbali nje, mwezi unachomoza usiku wa manane mkisogea pwani.

#40 Pwani_Damu
Kwa mvuvi ni kinyume, dada. Tarehe 22 giza la mwanzo wa usiku ndilo tunalotoka nalo wengi. Mwezi ukichomoza tuko tayari majini, na nyavu zetu hata kwa mbalamwezi huzioni hadi uzikanyage.

#41 NahodhaKombo
Tarehe yoyote mtakayochukua, piteni mbele ya Malindi kwa maili nane nje, si tatu, na mtoe taarifa kwa walinzi wa pwani Lamu kabla ya kung'oa nanga kwamba mtatembea usiku.

#42 BintiShela
Maili nane nje mkondo una nguvu zaidi, ami. Saa 23 zitakuwa 25, watafika mlangoni maji yanaanza kupwa. Watoke Lamu saa tatu basi, maji yakimalizia kujaa, wapambane nayo nusu saa mlangoni.

#43 Kamau_Kasia
Au wapunguze hadi maili tano nje na mtu mmoja asimame omoni na tochi usiku mzima. Msafiri, hao wanne wako wanalala zamu ngapi?